Bei Niliyoisoma kwa Sauti Habaswein

Tangu nirudi, kila anayeingia chumba cha walimu ananiuliza kabla hata hajaweka madaftari chini: ngamia alipatikana? Nikianza kujibu, swali la pili linafuata, halafu la tatu, na kengele inalia tukiwa bado hatujafika Modogashe. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Ninyi ndio mliochanga, na mna haki ya kujua pesa zenu zilipita wapi.

Kwa waliohamia shuleni juzi, Bishar alikuwa bawabu wetu kwa miaka mingi. Alipostaafu hakutaka saa ya ukutani wala blanketi. Alisema ana akiba yake, na kama tungemwongezea, angemnunulia mama yake huko Habaswein ngamia wa kukamwa. Mama huyo, ambaye kila mtu humwita Ayeeyo, yaani nyanya, alikuwa na mifugo yake mwenyewe mpaka ukame ulipoimaliza. Akiba ya Bishar na mchango wetu vyote vilikuwa kwenye simu yangu, na ndiyo maana tulisafiri wawili.

Garissa hadi Modogashe

Tulianza kubishana kituoni, kwa adabu. Bishar alitaka nizitoe pesa zote ziwe noti, azifunge kwa kitambaa kiunoni. Alisema noti haiulizi kama kuna mtandao, haiishi chaji, wala haina namba ya siri ya kusahau. Mimi nikamweleza kwamba noti ikiporwa njiani imekwenda, lakini mwizi akichukua simu, anachukua simu tu. Nilimfafanulia taratibu, jinsi ninavyowafafanulia Kidato cha Kwanza sehemu za desimali. Nikashinda, ingawa nadhani nilishinda kwa sababu simu ilikuwa yangu. Mfukoni nilibeba noti chache za nauli, basi.

Jua lilikuwa halijapanda sana gurudumu lilipopasuka. Dereva alishusha la akiba, akalibonyeza kwa kidole, akalirudisha mahali pake. Nalo halikuwa na upepo. Abiria wawili wakaondoka na gari lililokuwa likipita kwenda kutafuta pampu, na sisi wengine tukaenda kwenye kibanda cha chai kilichokuwa mbele kidogo, cha mwanamke aitwaye Mama Sahra.

Nilikula anjera mbili na maini ya mbuzi yaliyokatwa vipande vidogo, na chai yenye iliki nyingi. Wakati wa kulipa nikaona kibao kilichoandikwa namba ya tili ya kulipia kwa simu, nikatoa yangu. Mama Sahra akatikisa kichwa. Alitaka pesa za mkono.

Mnanijua. Nikaketi vizuri nikaanza kumweleza faida za malipo ya simu: hakuna kutafuta chenji, hakuna noti zilizochanika, na mwisho wa mwezi anaona kila alichouza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipanga vikombe. Kisha akaniambia, "Mwalimu, maneno yako ni mazuri. Lakini tili ni ya baba watoto. Nikiuza chai kumi kwa tili, ni yeye ameuza. Nikiuza kwa besa ya mkono, ni mimi nimeuza."

Nilikuwa nimekitazama kibao kile nikiona namba tu, nisijiulize namba ni ya nani. Nikampa noti, akanirudishia chenji kutoka kwenye pindo la buibui lake, sarafu moja baada ya nyingine. Bishar alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji, asinitazame.

Modogashe hadi Habaswein

Modogashe tulibadilisha gari, na gari jipya halikuondoka mpaka lijae, na lilipojaa ukawa wakati wa sala, na baada ya sala dereva akakumbuka kwamba hajala. Nilikuwa nimeketi na wanawake wenzangu, karibu na mama mmoja wa Wajir anayeuza vitambaa. Nilikuwa bado nikimfikiria Mama Sahra, nikamuuliza yeye hulipaje.

Huyu alikuwa upande wangu kabisa. Zamani, akienda Garissa kununua mzigo, alikuwa akizifunga noti mgongoni pamoja na mtoto, na safari nzima hasinzii. Mtoto akilia, anaogopa watu wakimsaidia kumshusha wataziona. Sasa anasafiri mikono mitupu na analala kuanzia kituoni hadi kituoni. Nikamgeukia Bishar kuona kama amesikia.

"Lakini iko kitu moja," yule mama akaendelea. "Besa ya mkono, mtu akikuomba, unasema nimeacha nyumbani. Simu haijui kuacha kitu nyumbani." Ndugu zake wote, alisema, wanajua namba yake kwa moyo, hata wale wasiojua jina la mume wake. Bishar akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha yule mama akaegemea dirisha akalala, kama alivyosema.

Tulifika Habaswein jua likiwa limelegea. Ayeeyo alikuwa akitungoja nje ya nyumba yake, mwembamba, mrefu, mkono mmoja ukishikilia ukuta. Alinisalimia kwa Kisomali kirefu ambacho Bishar alikifupisha kuwa "amefurahi." Akanikaribisha mkekani, kisha akampa jirani sarafu na kikombe cha bati. Jirani alirudi na maziwa ya ngamia, kikombe kimoja, na yote yakamiminwa kwenye chai yangu. Yake ilikuwa chai ya rangi.

Nilipojaribu kumgawia, Bishar alinikataza kwa macho. Baadaye alinieleza. Mama yake alikuwa akikama ngamia saba. Watu walikuwa wakija kwake na vyombo, na hakuna aliyeondoka na chombo kitupu. Sasa kila asubuhi na jioni anatuma sarafu kwa mama mmoja mwenye kuuza maziwa sokoni.

Ayeeyo aliniuliza pesa ziko wapi. Nikamwonyesha simu. Aliigeuza nyuma na mbele, akaipima uzito kwa kiganja, akasema jambo lililomfanya Bishar atabasamu na kuinamisha kichwa. Nikamwomba alitafsiri.

"Anasema, ngamia mzima ameingia hapo ndani na simu haijanenepa." Kisha akaongeza, "Anasema pia amechoka kununua maziwa kama mgeni. Anataka kesho iwe mwisho."

Sokoni

Mnada wa ngamia ulikuwa na vumbi, kelele na harufu ya mbolea, lakini kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuna aliyetaja bei. Sokoni kwetu Taveta, ukitaka kujua bei ya mbuzi unasimama tu na kusikiliza. Hapa wanaume wawili wanashikana mikono, mmoja anafunika mikono hiyo kwa shuka lake, na wanazungumza juu ya mvua. Vidole ndivyo vinavyofanya kazi huko chini. Ukishikwa vidole vitatu ni tatu, ukishikwa ngumi nzima ni zaidi. Uso hauonyeshi kitu.

Dalali wetu aliitwa Noor, kijana mwepesi wa maneno aliyemjua Bishar tangu utotoni. Alituletea Mzee Gedi, mfugaji aliyekuja na ngamia watatu. Mmoja, jike mwenye rangi ya mchanga na ndama ubavuni, ndiye aliyempendeza Bishar. Alimzunguka mara nne. Alimshika kiwele, akamtazama meno, akanusa mdomo. Kisha yeye na Mzee Gedi wakaingiza mikono chini ya shuka la Noor, na kwa muda wa kuandika barua fupi wakaulizana habari za kisima fulani. Mikono ilipotoka, Bishar alinijia karibu akaninong'oneza: laki moja na elfu kumi na tano. Tulikuwa nazo.

Nilitegemea Mzee Gedi akatae pesa za simu. Kinyume chake, alitoa kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo iliyofungwa kwa mpira, akaniambia mwenyewe kwamba noti hazitaki. Kwake porini hakuna sanduku, na akionekana akihesabu noti sokoni hatafika nyumbani nazo. Pesa zikiwa kwenye laini, anakuja mjini na kutoa kidogo kidogo, na hakuna anayejua zimebaki ngapi. Bishar akanitazama, nami, nakiri, nikanyoosha shingo.

Nikatuma. Kabambe ikalia. Mzee Gedi hasomi, kwa hiyo akamnyooshea Noor ile simu, lakini Noor alikuwa amegeuka na mkono wake mmoja uko chini ya shuka na mnunuzi mwingine, mwanamume wa kutoka Garissa mwenye miwani ya jua. Basi mimi nikaipokea. Nikaona mtu anayehitaji kusomewa, nami ni mwalimu. Nikasafisha koo, nikasoma ujumbe wote kwa sauti ile ya kufika nyuma ya darasa, polepole, nikiitamka kila tarakimu ili mzee asikie vizuri: amepokea shilingi laki moja, na elfu kumi na tano.

Watu wote waliokuwa karibu wakatugeukia. Mwenye miwani akautoa mkono wake kutoka chini ya shuka la Noor.

Ndipo nilipoelewa alikuwa akinunua nini. Alikuwa akipatana bei ya wale ngamia wawili wa Mzee Gedi waliobaki, na kwa kila mmoja alikuwa amefika bei ya juu kuliko yetu. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie, "Kumbe mwenye maziwa ni moja na kumi na tano. Hawa wakavu niongeze ya nini?" Na kwa kuwa bei ilikuwa imeshatoka nje, akaongeza nyingine waziwazi: huyo wa maziwa pia anamtaka, atampa mzee laki moja na elfu ishirini.

Mzee Gedi hakupaza sauti. Aliichukua kabambe yake mkononi mwangu, akaishika kamba ya ngamia, ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa shingoni; na mpaka muuzaji aifungue kamba yake mwenyewe, biashara haijaisha.

"Mwalimu," alisema, "umenivua nguo mbele ya watu. Shika besa yako, mimi nashika ngamia yangu."

Bishar alimtazama ngamia, kisha akatazama upande wa nyumba ya mama yake.

Noor alichukua simu ya mzee ili airudishe pesa mara moja. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena, akainua simu juu ya kichwa. Mlingoti ulikuwa umezimika. Simu zote za soko zilikuwa hivyo.

Hotelini, tukingoja mtandao

Fikirini kidogo jambo hili, kwa sababu nimelifikiria sana. Kama ningemlipa Mzee Gedi kwa noti, angezitupa mapajani mwangu na kumpa yule mwenye miwani ngamia, na safari yetu ingeishia hapo. Lakini sasa alikuwa na pesa asizozitaka na hawezi kuziachia, na kwa heshima yake hawezi kumuuza kwa mwingine ngamia ambaye pesa zake ziko kwenye laini yake. Mtandao uliozimika ulitufunga sote kwenye hoteli moja. Mwenye miwani akaagiza nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye samli, akasema yeye hana haraka. Ngamia alifungwa mahali ambapo sote tulimwona.

Noor alileta sahani ya tende. Nilimwomba anieleze kosa langu kwa ukamilifu, kwa sababu nilikuwa nimelielewa nusu. Alinieleza kwa subira ambayo ningependa wanafunzi wangu waione. Shuka si la kuficha udanganyifu, alisema. Leo mzee anaweza kukuuzia kwa bei ndogo kwa sababu wewe ni mtoto wa mama fulani aliyefiwa na mifugo, na kesho akamuuzia tajiri kwa bei kubwa, na wote wawili wakaondoka na heshima. Bei ikitangazwa, huruma yake inageuka kuwa ujinga.

"Alikuwa ametupunguzia?" nikauliza.

"Mwalimu, ngamia na ndama?" Noor alinionea huruma. "Alipunguza sana. Anamjua Ayeeyo."

Niliirudisha sahanini tende niliyokuwa nimeishika. Nilimuuliza Noor nifanye nini. Akaniambia kuna kitu kinaitwa haal. Mtu akikuvunjia heshima mbele ya watu, anakupa kitu, na kitu hicho hakilipi hasara, kinafuta tu aibu. Kiasi hutegemea kosa. Nikamwambia nitakitoa kutoka mfukoni mwangu, si kwenye mchango. Lakini kiasi hupatanwa chini ya shuka, na mimi kama mwanamke siwezi kumshika mkono Mzee Gedi. Kwa hiyo Bishar, yule niliyemharibia, ndiye aliyeingia kuniombea. Alikaa na mzee kwenye benchi la mbele, shuka juu ya mikono yao, nami nikatazama nyuso zao kama anayetazama redio. Walizungumza juu ya goti la mzee, na juu ya dawa ya goti.

Bishar alirudi akanitajia kiasi sikioni. Nikaitikia kwa kichwa.

Mtandao ulirudi baada ya adhuhuri. Tulijua kwa sababu simu zote za hoteli zililia kwa pamoja, na kila mtu akainamia yake. Mwenye miwani akajifuta samli vidoleni. Sasa mzee angeweza kuturudishia pesa kwa dakika moja na kuchukua laki na ishirini yake. Nilituma haal kutoka kwenye pesa zangu kabla hajaamua.

Kabambe ya Mzee Gedi ikalia. Noor akanyoosha mkono kuipokea. Mzee akamkwepa, akainyoosha juu ya meza, kwangu.

"Maya," alisema, yaani hapana. "Mwalimu asome."

Hoteli nzima ilikuwa ikisikiliza. Mwenye miwani aliacha kutafuna. Niliichukua ile simu nikasoma kwa macho, mara mbili. Kiasi kilikuwa sahihi. Lakini ningemwambiaje? Kuandika hakutafaa, kusema hakuwezekani, na mkono wangu haushikiki. Nikatazama sahani iliyokuwa mbele yangu. Nikachukua kokwa za tende, nikazihesabu mapajani, kokwa moja kwa kila elfu, nikazifunika mezani kwa ncha ya leso yangu, nikasogea nyuma.

Mzee Gedi aliitazama leso. Kisha akaingiza mkono wake chini yake na kuanza kuzipapasa moja moja, macho yake barabarani, kama mtu anayengoja gari. Alipomaliza alirudia tena. Nadhani alirudia kwa raha yake tu.

"Sasa umesoma fizuri," alisema.

Akasimama, akatoka nje, akaifungua kamba yake shingoni mwa ngamia, akaizungushia mkononi na kuondoka nayo. Bishar alikuwa amekuja na kamba mpya tangu asubuhi. Alikimbia nayo kama mvulana. Mwenye miwani alicheka, akamwambia Noor kwamba nimemkosesha ngamia, kisha akalipa chai yetu yote, kwa simu.

Kurudi Garissa

Bishar alibaki kwao, nami nikarudi peke yangu. Gurudumu halikupasuka.

Mnaniuliza pia, hasa wewe wa idara ya biashara, baada ya yote haya nachagua noti au simu. Naweza kukuambia tu nilichokiona. Noti ilimfanya Mama Sahra awe muuzaji wa chai yake mwenyewe, na simu ilimpa mama wa vitambaa usingizi. Mzee Gedi alipenda simu kwa sababu ile ile iliyomfanya Mama Sahra aikatae: kila mmoja alitaka pesa zake zisijulikane na mtu fulani. Siku hizi mtu akiniambia njia moja ni bora, namuuliza kwanza ni bora kwa nani, na nani anasimama karibu.

Hesabu ya mchango ni hii. Ngamia na ndama, laki moja na elfu kumi na tano. Mnaijua, na Habaswein nzima inaijua. Nauli nimejilipia. Haal niliyompa Mzee Gedi msiniulize. Ujumbe wake nimeufuta.

Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa bado linatafuta abiria, nilimwona Bishar akija kutoka nyumbani kwa mama yake na kikombe cha bati mikononi, akitembea polepole sana. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, povu limesimama juu. Nikamuuliza kama ameniletea mimi. Alisema hapana, yangu iko kwenye chupa, nitapewa. Hiki anampelekea yule mama wa sokoni aliyekuwa akimuuzia Ayeeyo maziwa.

Nikashangaa, nikamuuliza kama sasa wameanza kumuuzia yeye.

"Hapana, Mwalimu. Mama anasema huyu alimpimia miaka miwili, na hakuna siku alipima chini ya ukingo." Akatazama anapokanyaga. "Amesema nikimwaga hata kidogo, nirudi nijaze upya."